Foleni ya Kukodi

Torobek aliinua chupa ya kwanza, akafungua kifuniko, akaipindua juu ya mfereji.

Hapo ndipo pumzi ilipotukatika wiki iliyopita, msomaji wangu. Sairagul amejibanza nyuma ya karakana ya baiskeli, kiganja mdomoni, anamtazama mteja wake nambari moja akimwaga maksim, kinywaji chake cha shayiri iliyochachushwa, kama mtu anayemwaga maji ya kunawia miguu.

Chupa ya pili. Ya tatu. Shayiri aliyoikaanga mwenyewe tangu jana alfajiri, akaipika, akaichachusha, akaichuja, ikateremka na maji machafu kuelekea soko kuu la mji wa Osh.

Ilipofika zamu ya chupa ya nne, Sairagul alitoka.

"Vipi kaka, imeharibika?"

Torobek aliruka. Chupa ikamponyoka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, dereva wa malori asiye na lori, kofia nyeupe ya sufu kichwani. Kwa miezi miwili hakukosa hata siku moja kwenye meza ya Sairagul. Lita nne, kila asubuhi, saa mbili na nusu.

"Dada... ilikuwa na nzi."

"Nzi kwenye chupa zote nne?"

"Walikuwa wengi."

Sairagul alimkamata ukosi. Ni mwanamke mfupi, lakini miaka kumi na tano ya kukoroga sufuria la lita mia humpa mtu mikono.

"Nani anakutuma?"

"Niache, watu wanaona!"

"Waone! Kila asubuhi wananiona nakuchekea kama zuzu. Waone na hili. Nani?"

Torobek alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hana pa kutokea.

"Tuko kumi na tisa," alisema. "Asubuhi tunapewa hela kwenye nyumba ya chai ya darajani. Tunakuja kwako, tunapanga foleni, tunanunua, tunaondoka. Tumeambiwa tufanye tutakavyo, tunywe au tumwage. Mimi nikajaribu siku ya kwanza, lakini shayiri na tumbo langu haviivi chungu kimoja."

"Anayetoa hela ni nani?"

"Jina silijui."

Ukosi ulikazwa.

"Ana gari jeupe! Ana jino la dhahabu, huku, kushoto! Kasema kazi mwisho Ijumaa. Ukishatia sahihi tu, kila mtu ashike njia yake."

Sairagul aliuachia ukosi.

Jino la dhahabu, upande wa kushoto. Mederbek. Shemeji yake.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza haraka. Kubat, mume wa Sairagul, alipofariki, mdogo wake Mederbek hakungoja hata arobaini iishe. Alibeba mapipa, meza, sufuria, na jina la biashara ambayo Sairagul na mumewe waliijenga kwa miaka kumi na tano. Leo mapipa yake yako kila kona ya mji. Kitu kimoja tu kilimshinda: nyumba ya Kubat chini ya mlima, yenye miaprikoti minane. Aliifungulia kesi. Mwaka wa tatu huu, kesi haina mwisho.

Miezi miwili iliyopita Sairagul aliibuka tena na meza moja na mapipa mawili karibu na stendi. Foleni ikaota siku ya tano. Siku ya kumi ikafika duka la nyama. Kisha akatokea mfanyabiashara mpole kutoka Uzgen, Ergesh kwa jina, mwenye jengo la kiwanda cha maziwa kilichofungwa.

"Kwa foleni hii, dada, meza haikutoshi," alisema. "Tubadilishane. Mimi nichukue nyumba, wewe uchukue kiwanda."

Sairagul alikubali. Sahihi Ijumaa. Na hiyo Ijumaa aliijua yeye, mama mkwe wake, wakili, na Ergesh. Basi.

Sasa akaona yote kwa mkupuo. Ergesh ni mkono wa Mederbek. Nyumba aliyoshindwa kuipata kwa hakimu, alikuwa anaipata kwa foleni.

"Utanipeleka polisi?" Torobek aliuliza.

"Hapana. Utaendelea kuja, utanunua, utanichekea. Ukifungua mdomo, nitakwenda kwa mkeo nimweleze kwamba hiyo kazi mpya uliyopata ni kumwaga vinywaji mtaroni."

"Dada, mke wangu hapana! Bora polisi."

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bi Uulkan, akikanda unga. Huyu ndiye mama mzazi wa marehemu Kubat. Huyu ndiye mama mzazi wa Mederbek pia, ila siku ya ule unyang'anyi alifunga virago vyake akamfuata mkwewe.

Sairagul alimweleza yote akiwa wima. Bi Uulkan hakuacha kukanda.

"Nilitapika miezi tisa kwa ajili ya yule," alisema mwishowe. "Nikadhani mimba. Kumbe lilikuwa onyo."

Hakuna aliyecheka. Sairagul alikaa chini sakafuni, koti likiwa bado mwilini.

"Si nyumba inayoniuma, Mama. Nyumba nimeiwahi. Kinachoniuma, sijui kama kuna hata mtu mmoja anayeipenda maksim yangu. Huenda wote ni wake. Huenda miezi miwili nimekuwa nikiuza hewa."

"Kwani huwajui kwa sura?"

"Sura zote zilikuwa zinacheka."

Akainua kichwa taratibu.

"Chupa," alisema.

"Chupa gani?"

"Torobek hajawahi kurudi na chupa tupu. Kila siku ananunua na chupa mpya. Mtu anayekunywa, Mama, hurudi na chupa yake, au hurudi na mtungi, anataka umjazie mpaka shingoni na agombane nawe kwa povu. Halafu ile Jumanne nilipozidisha hamira, ikachacha kupita kiasi, unakumbuka? Wale wa saa mbili na nusu wote walisema tamu. Aliyenitukana alikuwa mmoja tu. Yule fundi wa matofali, Asanaly. Alisema nimempa siki."

"Nawe ukamchukia wiki nzima."

"Nikamchukia." Sairagul alisimama. "Kesho sifungui."

"Jumapili? Siku ya soko?"

"Aliyelipwa aje kununua, akikuta pamefungwa atafurahi. Mwenye kiu atakasirika. Nataka kuwaona watakaokasirika."

*

Jumapili alikaa dirishani ghorofani, kwa mshonaji wa mashela, mkabala na stendi. Chini, meza yake ilikuwa imepinduliwa, mapipa hayapo.

Saa mbili na nusu wakaja, mmoja mmoja, kama wafanyakazi wa zamu. Wakaitazama meza. Mmoja akapiga simu, akasikiliza, akacheka. Wakatia mikono mifukoni, wakaondoka huku wakipiga mbinja. Hela ya siku wameila, na jasho halikuwatoka.

Foleni yake nzima iliyeyuka kwa dakika nne.

Sairagul aliuma shela ya mtu asijijue.

Kisha saa tatu kasoro akaja Asanaly, vumbi la matofali hadi kwenye kope. Alisimama. Akaizunguka meza mara mbili. Akaipiga teke.

"Yuko wapi huyu mwanamke?" aliunguruma kwa muuza sigara.

"Mimi ni mumewe?"

"Vijana wangu sita wananingoja juu ya ukuta! Niwape nini, maji ya bomba? Jana kanipimia pungufu, leo hafungui kabisa. Biashara gani hii?"

Ghorofani, Sairagul aliweka mkono kifuani. Hajawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Akaja mwanamke aliyebeba mtungi wa bati, Mwalimu Nurkamal wa shule ya msingi ya mtaa wa chini. Hakupiga teke. Alikwenda duka la nyama akauliza, akaenda kwa fundi viatu akauliza, akakaa juu ya meza iliyopinduliwa akangoja saa nzima. Kisha akasema na muuza sigara, naye Sairagul alimsikia kwa sababu mwalimu huongea kama yuko darasani hata akiwa sokoni.

"Mume wangu ana maradhi ya tumbo tangu majira ya baridi. Chakula kinarudi, chai inarudi. Hii peke yake ndiyo inayokaa. Ukimwona mwambie Nurkamal alikuja."

Hadi magharibi walikuwa wamefika kumi na mmoja. Kumi na mmoja waliokasirika, walioulizia, waliogonga mbao. Jumatatu nako alifunga, na kumi na mmoja wale wale walirudi. Asanaly hakuishia mezani. Aliulizia mtaa kwa mtaa mpaka akasimama kwenye lango la nyumba yenye miaprikoti.

"Umekufa?" alipaza sauti.

"Sijafa, kaka."

"Basi kwa nini hufungui? Toa pipa!"

Sairagul alirudi jikoni machozi yakimtoka.

"Kumi na mmoja tu, Mama."

"Kumi na mmoja waliokuja kukugombeza mpaka mlangoni," alijibu Bi Uulkan. "Mederbek ana mapipa arobaini. Hebu ayafunge siku moja uone kama yupo atakayekwenda kumgongea."

Sairagul alifuta uso kwa kiwiko. Alipoondoa mkono, mama mkwe aliona macho mengine.

"Sasa nataka kumlipa shemeji yangu," alisema.

*

Jumanne meza ilifunguliwa na mapipa mawili. La mbele jekundu. La nyuma la bluu, lenye kufuli.

Kwenye jekundu kulikuwa na maksim nzito, ya watu kumi na mmoja. Kwenye la bluu kulikuwa na ndoo nane za maji aliyoyachota mwenyewe mferejini, pale pale alipomwagiwa jasho lake, akakorogea unga na sukari iliyoungua kidogo ili rangi ikae sawa.

Bi Uulkan alimshika mkono. "Mwanangu, mtu akinywa je?"

"Hawanywi, Mama. Imepita miezi miwili hawanywi."

"Tumia basi maji safi."

"Kubat alikufa, mwanao Mederbek hakuchangia hata sanda. Mimi nimtafutie maji safi?"

Ilipofika saa mbili na nusu foleni ilirudi, ndefu, yenye meno nje. Sairagul aliwachekea mmoja mmoja na kuwapimia kutoka pipa la bluu.

"Leo nyepesi, dada," Torobek alinong'ona.

"Umeionja?"

"Nimeiona tu inavyomwagika."

Jumatano Sairagul alimwachia Bi Uulkan meza asubuhi nzima, yeye akaenda kwa wakili wa hati. Alimwomba jambo moja dogo. Alitoka pale akitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Alhamisi Asanaly alileta mafundi wa jengo la pili. Mwalimu mmoja anayefundisha na Nurkamal akaja na ndugu zake wawili. Pipa jekundu likaisha kabla ya adhuhuri, watu wakagombania masalio. Pipa la bluu nalo likaisha, kwa wale wa mtaroni.

*

Ijumaa, saa nne. Ofisi ya wakili ilikuwa na watu sita: wakili mwenyewe, aliyekuwa mwanamke mwenye miwani mizito; Ergesh mpole; Sairagul; na mashahidi wawili aliowaomba yeye, yaani fundi Asanaly na Mwalimu Nurkamal. Wa sita alikuwa Mederbek, koti jipya, manukato hadi koridoni.

Alikuja kwa sababu wakili alimpigia simu. Kesi yake bado iko mahakamani, akaambiwa. Mpaka aifute kwa mkono wake, nyumba haiwezi kuhamia kwa mtu yeyote. Na Mederbek alitaka sana ihame.

"Shemeji," alisema, jino liking'aa. "Nasikia biashara inakimbia."

"Inakimbia. Watu wananunua hata wasichohitaji."

"Mimi kinyongo sina. Ukitaka kuuza, uza. Marehemu kaka angefurahi kukuona unapanda."

"Mungu akulipe, shemeji. Tena leo leo."

Mederbek alichukua kalamu. Akatia sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mbwembwe, kama mtu anayesaini picha zake. Wakili akagonga muhuri.

"Kuanzia sasa Bwana Mederbek hana dai lolote juu ya nyumba hii, yeye wala watoto wake. Haya, Bi Sairagul, zamu yako. Hati ya kubadilishana."

Sairagul aliipokea kalamu. Akaifunika kifuniko chake. Akaiweka mezani.

"Siibadilishi."

Ergesh alimgeukia Mederbek, haraka, kama mtumishi anayesubiri amri. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

"Unasemaje?" Mederbek aliuliza.

"Nasema nyumba ni yangu. Umeniandikia mwenyewe, mbele ya mashahidi, tena una mwandiko mzuri."

"Wewe! Irudishe hiyo karatasi!" Alimrukia wakili, lakini wakili alikwishaitia kwenye kabati la chuma.

"Muhuri ukishagongwa, Bwana, haulambwi ukafutika."

Sairagul alitoa chupa mkobani, ya plastiki, mpya, imejaa. Akaisogeza mbele ya shemeji yake.

"Torobek kainunua leo asubuhi, kwa hela yako. Karibu. Mteja mkubwa kama wewe hajawahi hata kuonja. Au unaogopa maksim ya mjane?"

Mederbek alikuwa mtu wa hasira, na mtu wa hasira hakatai kuchokozwa. Alifungua, akapiga funda moja. Macho yakamtoka. Akatema palepale juu ya zulia.

"Maji ya mfereji!"

"Ndiyo. Tangu Jumanne umewalipa watu kumi na tisa wakununulie maji ya mfereji. Lita kwa lita, mfereji wote wa stendi umeununua wewe. Na kwa hela hizo, shemeji, nimepata mapipa manne mapya. Matatu niliyaweka mbele ya mapipa yako ya sokoni asubuhi hii. Kapite uone foleni iko upande gani. Safari hii usisumbuke kuilipia."

Asanaly alicheka mpaka akashika tumbo. Wakili alivua miwani akajifanya anaifuta. Ergesh alikuwa anaangalia viatu vyake, kana kwamba vinamwambia njia ya kutokea.

Sairagul hakucheka. Alimtazama Mederbek akichukua kofia, akiinuka, akigonga kiti, akielekea mlangoni mdomo ukiwa bado unachuruzika. Miaka mitatu aliiota sura ile usiku na mchana. Sasa ilikuwa mbele yake, na utamu ulimpanda mpaka kwenye ufizi.

"Sairagul."

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Nurkamal. Ndipo Sairagul alipogundua kwamba mwalimu naye hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, na kilemba alikifunga ovyo, kama mtu aliyelala kitini.

"Hayo maji. Yalikuwa pipa lipi?"

"La bluu, Mwalimu. La nyuma. Hilo halikuwa lenu, usihofu. Nyie nawapimia jekundu."

"Jumatano hukuwepo."



"Bibi ndiye aliyenipimia," Nurkamal aliendelea, polepole, kama anayesoma sentensi ubaoni. "Jekundu lilikuwa limeisha. Akafungua kufuli. Akanijazia mtungi wangu, akaniambia mpelekee mumeo, mwambie apone upesi."

"Mama? Mama analijua lile pipa. Mama hawezi..."

"Mume wangu amelazwa tangu jana. Nimetoka hospitali kuja hapa kwa sababu nilikuahidi. Daktari kaniuliza mara tatu, amekunywa nini huyu? Nami nimemjibu mara tatu, hajanywa kitu ila maksim ya Sairagul, na hiyo haiwezi kumdhuru mtu."

Mederbek alikuwa amekwishashika kitasa cha mlango. Akakiachia. Akarudi, akavuta kiti, akaketi kama mtu aliyepata kesi mpya.